Goti Lililoacha Kuuma Halijapona

Wachezaji wa Chimala, makocha, na nyinyi wazazi: goti likivimba uwanjani, mchezaji asirudishwe. Si kipindi cha pili, wala si ndondo ya Jumapili ijayo, hata akiapa kwamba haliumi.

Dalili tunazijua. Kijana anageuka ghafla na mpira, hakuna aliyemgusa, anasikia "ko!" gotini na kwenda chini. Jua halijazama, goti limeshajaa. Uvimbe wa haraka hivyo kwa kawaida ni damu iliyovujia ndani, na mara nyingi kano ya katikati ya goti imekatika. Wiki chache baadaye uvimbe umenywea, anatembea, kila mtu anamwona mzima. Hatari ndiyo inaanza. Anapita juu ya tuta la jaruba na gunia la mpunga begani, goti linafyatuka upande na kurudi. Kila likifyatuka linachubua gegedu, ule utando laini unaozuia mifupa kusagana, na gegedu likishalika halioti tena kama lilivyokuwa.

Nchini Sweden, wanasoka wanawake waliokatika kano hiyo walipimwa miaka 12 baadaye. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 31, na picha za nusu yao zilionyesha goti linalolika. Waliopasuliwa na wasiopasuliwa hawakutofautiana. Miaka 31, jamani! Huku kwetu Usangu, umri huo mtu ndiyo kwanza anategemewa kuinama kwenye tope kupandikiza mpunga na kulea watoto.

Kwa hiyo nenda hospitali mapema. Eksirei huonyesha mfupa, haionyeshi kano. Ukiambiwa hujavunjika usitulie, omba daktari akague kwa mikono kama goti limelegea. Likiwa limelegea, omba rufaa ya Hospitali ya Kanda Mbeya. Usikubali kukandwa wala kuvutwa goti likiwa limejaa. Sindano ya maumivu ili umalize mechi ni mbaya kuliko yote, maana inazima onyo huku goti likiendelea kuumia.

Kano ikiwa imekatika, kinachofuata ni mazoezi ya paja, kila siku, na uwanja usubiri si chini ya miezi 9. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mapaja yote mawili mahali palepale juu ya goti. Kama la upande ulioumia bado ni jembamba, hujawa tayari.

Kocha, kama kwenye orodha yako ya Jumapili yumo kijana ambaye goti lake lilivimba na hajapimwa, mtoe leo.