Filamu Rahisi Huwa Ghali Usiku wa Wanawake



Sisi tuliotoka kisiwani tukaolewa Songea tuna neno na mabibi harusi wa msimu huu. Wengi wenu mnataka usiku wa wanawake upigwe picha kwa kamera ya mkanda. Hatuwalaumu. Usiku ule tunavua mitandio, na picha ya simu ikishapigwa haina mwenyewe: dakika tano tu iko WhatsApp, inatazamwa na wasio maharimu. Negativu ni moja, na inaweza kukaa kabatini kwako.

Tunachopinga ni ushauri mnaopewa: "Nunua filamu yoyote ya bei chee, picha zitatoka tu." Hazitoki! Filamu ya ISO 200 ni ya juani. Ya ISO 800 inatosheka na robo ya mwanga huo. Ukipiga ya 200 ukumbini usiku bila flashi, unapata sura za matope, na harusi hairudiwi.

Hapo ndipo mtego ulipo. Filamu za rangi zenye kasi zimebaki chache. Fujifilm ilikuwa nazo za 1600, Superia na Natura, zote zimeondolewa. Kodak Portra 800 ipo, Lomography 800 ipo, lakini si za bei ya mchicha. Basi anatokea mtu na mikanda iliyopitwa na tarehe, anaiuza nusu bei. Dada, filamu yenye kasi ndiyo inayoharibika upesi zaidi kwa umri na joto. Mitano ya namna hiyo haifikii mmoja mpya.

Unafuu uko kwingine. Kwanza, hesabuni picha, si mikanda. Mkanda mmoja una picha 36. Bibi harusi, mama, bibi, masomo na mashoga wa karibu wanaenea humo. Pili, asiye na kamera anunue ya kutupa: Kodak FunSaver ina filamu ya ISO 800 na flashi yake, picha 27. Tatu, mpiga picha mwenye flashi nzuri anatosheka na filamu ya 400. Msilipie 800 kwa ajili ya jina.

Na anayewaletea kutoka Dubai au Muscat aombe uwanjani mikanda ikaguliwe kwa mkono, kwani mashine mpya za CT zinaiharibu. Asiitie kwenye sanduku kubwa pia. Huko mionzi ni mikali zaidi. Kutoka Dar es Salaam hadi Songea ni karibu kilomita 950 za barabara, basi mikanda ikae kwenye mkoba wako ndani ya basi, isikae kwenye buti lenye joto.

Mtasema, "Lakini anayesafisha picha ataziona." Kweli kabisa, na hapa tunajidanganya wengi. Negativu haina sitara yoyote ikiwa mwanamume ajnabi ndiye anayeisafisha na kuziingiza picha zote kwenye kompyuta yake. Filamu ya rangi husafishwa kwa dawa za C-41 kwenye joto la nyuzi 38. Kazi hiyo inafanyika nyumbani: kopo maalumu lisilopitisha mwanga, kipimajoto, beseni la maji ya moto, glavu, na dirisha lililo wazi. Lita moja ya dawa husafisha mikanda kadhaa. Tunacheza upatu wa vyombo na vitenge. Kwa nini tusicheze wa dawa hizi, akajifunza dada mmoja akatusafishia sote?

Atakayetuambia sitara ni ghali, tumuulize bei ya keki na maua ya siku moja. Israfu hatuioni huko, tunaiona kwenye mkanda mmoja?

Nunueni kimoja, kipya, chenye kasi inayofaa. Kisha negativu irudi mikononi mwa mwenyewe. Hiyo ni amana.

Wabillahi tawfiq.