Chakula cha Mimea Kisifundishwe kwa Chaki Tupu

Walimu wengi hufundisha chakula cha mimea ubaoni: naitrojeni, fosforasi, potasiamu, watoto hunakili, somo likaisha. Naona njia hii haifai. Katika miaka ya 1690 Mwingereza John Woodward alikuza nanaa majini, akaona ile ambayo maji yake yalitiwa udongo wa bustani imezidi nyingine kwa uzito. Katika miaka ya 1860 Wajerumani Julius Sachs na Wilhelm Knop waliuacha udongo kabisa, wakakuza mimea kwa maji na chumvi zilizopimwa.

Darasani vipande vya matembele na chupa tatu vyatosha. Ya kwanza itiwe maji ya mvua. Ya pili, maji yenye mbolea kidogo. Ya tatu, mbolea kupita kiasi. Zote zifungwe karatasi nyeusi, maana mwanga huotesha ukijani majini. Wanafunzi wahesabu majani mapya kila wiki.

Wako watakaohofu kwamba mmea wa tatu utanyauka mbele ya darasa. Na unyauke! Maji yaliyokolea chumvi huvuta maji kutoka mizizini badala ya mizizi kuyavuta. Mwalimu asilieleze jambo hilo mapema. Awaache watoto wabishane kwanza.