Asilimia ya Nini?

Kila mwezi wa Juni, Waziri wa Fedha anaposoma makadirio ya bajeti Bungeni, Wakenya huelezwa kuwa elimu imepewa fungu nono. Kauli hiyo kwa kawaida huwa ya kweli. Tatizo huanza pale inapotafsiriwa kwa raia, kwani asilimia mbili zisizo na uhusiano wa karibu huchanganywa kana kwamba ni kitu kimoja: asilimia ya bajeti ya serikali na asilimia ya pato la taifa.

Mei 2015, mataifa yaliyokutana Incheon, Korea Kusini, yalikubaliana kuwa elimu itengewe angalau asilimia 4 hadi 6 ya pato la taifa na/au asilimia 15 hadi 20 ya matumizi ya serikali. Wanaisimu hawatakosa kuuona mzigo uliotwikwa mkwaju ule mdogo baina ya "na" na "au". Serikali ambayo matumizi yake ni asilimia 20 ya pato la taifa, ikiipa elimu sehemu ya tano ya matumizi hayo, itakuwa imefikia asilimia 4 ya pato. Matumizi yake yakiwa asilimia 15 tu, ukarimu uleule utakomea kwenye asilimia 3. Kiongozi wa nchi hiyo ana ruhusa ya kujisifia kipimo kimoja na kukinyamazia cha pili.

Isitoshe, kipimo cha pato la taifa hubadilika bila shule kuguswa. Septemba 2014 Kenya ilikokotoa upya pato lake, na pato la mwaka 2013 likaonekana kuwa kubwa kwa takriban robo. Fungu lililokuwa asilimia 5 kwa hesabu ya zamani lingekuwa asilimia 4 kwa hesabu mpya, ilhali hakuna mwanafunzi aliyenyang'anywa hata kalamu. Kinyume chake pia hutokea: uchumi ukidorora, asilimia hupanda, na hakuna dawati lililoongezwa.

Ndiyo maana shilingi kwa kila mwanafunzi husema mengi zaidi. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, mgao ulikuwa shilingi 1,020 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na waliosajiliwa wakaruka kutoka takriban milioni 5.9 mwaka 2002 hadi milioni 7.2. Mwaka 2008 zikaja shule za sekondari za kutwa kwa shilingi 10,265, kiwango kilichopandishwa hadi 22,244 mwaka 2018. Hadi 2025 kiwango hicho kilikuwa hakijaongezwa, ingawa bei ya unga, karatasi na umeme haikusimama kukingoja. Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliieleza kamati ya Bunge kuwa serikali haimudu kuulipa mgao huo kikamilifu. Pengo hilo huzibwa na mzazi kupitia chakula cha mchana na mishahara ya walimu walioajiriwa na bodi za shule, na senti zake hazimo katika ile asilimia inayotangazwa.

Wapo watakaodai kuwa haya ni ya wanauchumi. La hasha! Mama anayeuza mboga Gikomba huipata bajeti kwa Kiswahili, redioni, kutoka kinywani mwa mtangazaji ambaye huenda alisomea Kiswahili chuoni. Mtangazaji huyo akisema "asilimia 20 ya uchumi" badala ya "asilimia 20 ya bajeti", amemdanganya mama huyo bila kukusudia, na swali ambalo angemwuliza mbunge wake limekufa kabla ya kuzaliwa. Idara za Kiswahili zinazofundisha tafsiri zina sababu ya kuiingiza hotuba ya bajeti darasani kila Juni, pamoja na tarehe ambazo mgao wa muhula uliopita uliingia kwenye akaunti za shule.