Mwili Haununuliwi Dukani

Mtazameni mzee wa kijijini anapoinuka mkekani alfajiri. Kwanza hugeuka ubavu. Kisha hutia mkono mmoja chini, na mkono wa pili hushika goti. Hukaa kidogo, akiusikiliza mgongo. Ndipo huinuka polepole, akiguna, na hatua zake za kwanza ni kama za mtu apitaye penye miiba. Mjukuu akija na kusema, "Shikamoo babu, umeamkaje?" yeye hujibu, "Marahaba, mjukuu wangu. Salama tu, tunajikongoja." Na mazungumzo huishia hapo.

Leo tusiyaache yaishie hapo. Watu wengi husema, "Ni uzee tu," kana kwamba maumivu huja na mvi. Lakini wako wazee waliofanya kazi ya kukaa kitini, nao katika miaka 70 wanainuka vizuri. Maumivu ya mkulima, ya mpagazi na ya mama mchota maji, sehemu yake kubwa imeletwa na mizigo. Na mizigo ina hesabu. Hebu tuihesabu pamoja.

MZIGO WA TENDAGURU

Sisi watu wa Lindi tunayo habari moja inayojulikana ulimwenguni kote. Bara ya mji wa Lindi kiko kilima kiitwacho Tendaguru. Hapo, tangu mwaka 1909 hadi 1913, wataalamu Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria, yaani mijusi wakubwa mno wa zamani za kale. Mjusi mmoja wa Tendaguru alisimamishwa katika jumba la makumbusho mjini Berlin mwaka 1937, na hata leo yuko pale, kimo chake zaidi ya meta 13. Watu hutoka mbali kuja kumstaajabia.

Lakini je, mifupa ile ilifikaje baharini? Gari halikuwapo. Punda na ng'ombe hawakufaa, kwa sababu mbung'o waliwaua. Basi ilibebwa na watu, vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Wenyeji mamia walichimba na kubeba, na msimamizi wao aliyejulikana sana alikuwa Boheti bin Amrani. Mzigo wote ulikuwa zaidi ya tani 200. Mpagazi wa siku zile kwa kawaida alibeba kama kilo 30. Gawanyeni wenyewe: tani 200 ni kilo 200,000, na hiyo ni mizigo zaidi ya 6,600 ya mtu mmoja mmoja. Mifupa mingine ilikuwa mizito hata ikabidi watu kadhaa waichukue pamoja kwa miti.

Wataalamu wamepima kila mfupa wa mjusi yule. Shingo na magoti ya waliombeba hayakupimwa na mtu.

HESABU YA NDOO

Sasa tuje nyumbani. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20, mbali na uzito wa ndoo yenyewe. Mama akichota ndoo mbili kwa siku, amebeba kilo 40. Kwa mwaka ni kilo 14,600. Kwa miaka 30 ni kilo 438,000, yaani tani 438.

Someni tena, wapenzi. Mama mmoja, kwa ndoo mbili tu za kila siku, amebeba kichwani mzigo unaoushinda ule wa zaidi ya tani 200 uliowashughulisha wapagazi wa Tendaguru miaka kadhaa. Nasi hatujahesabu kuni, wala magunia ya mihogo, wala mtoto mgongoni, wala jembe la mpini mfupi ambalo humkunja tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Kisha akisema shingo yamuuma, baba hujibu, "Kwani umefanya kazi gani?" Jibu ni hilo hapo juu, kwa tarakimu.

KILA KAZI NA ALAMA YAKE

Tena kila kazi ya pwani yetu ina alama yake. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893, na mashamba yakaenea hata huku Lindi. Mkataji huinama penye kila jani, na majani 30 hufanya bunda moja tu. Maji ya mkonge huwasha ngozi, na ncha ya jani huweza kulipasua jicho. Aliyefanya kazi ya kusafisha nyuzi mashineni alivuta vumbi siku nzima, na kikohozi kikamfuata mpaka kwake.

Wafanya kazi wa majaruba ya chumvi, huko Kilwa na Lindi, miguu yao hupasuka nyayo kwa maji makali, na macho huumizwa na mng'ao wa jua juu ya chumvi. Mbangua korosho hutambulikana kwa vidole, kwani mafuta ya ganda huchoma ngozi kama moto. Mpuliza salfa hubeba mashine mgongoni, na vumbi humwingia machoni na kifuani. Mvuvi ana mabega ya kuvuta nyavu. Mkwezi wa minazi huumia magoti na nyayo, na kosa moja tu humwangusha.

KINACHOTOKEA MWILINI

Katikati ya pingili na pingili za uti wa mgongo pana kitu laini, mfano wa mto mdogo. Kazi yake ni kupokea uzito ili mfupa usisage mfupa. Kwenye goti nako pana gegedu, utelezi wake ukisaidia mifupa ipite vizuri. Mtu akiinama na kubeba miaka mingi bila kupumzika, vitu hivi hubonyea na kulika. Ule mto mdogo ukitokeza nje, huweza kuubana mshipa wa fahamu, na maumivu hushuka mguuni mpaka kidoleni. Gegedu iliyolika hairudi kama mpya. Shoka likivunjika mpini, utachonga mwingine. Mwili haununuliwi dukani.

Lakini tuangalie: si kila ugonjwa wa mfanya kazi umeletwa na kazi. Kwetu pwani wengine husema busha huletwa na mizigo mizito, wengine huyalaumu madafu. Si kweli. Busha la huku kwetu mara nyingi hutokana na minyoo wadogo sana wanaoenezwa na mbu, wale wale waletao matende, nalo huondolewa kwa upasuaji. Ngiri ni kitu kingine: utumbo hutokeza mahali palipolegea, na kubeba vizito huizidisha. Ikiwa ngumu ghafula, na maumivu na kutapika, usingoje kuche. Mtoto wa jicho pia hutibika kwa upasuaji mfupi. Na kikohozi cha majuma mawili au zaidi kipimwe kifua kikuu, kisisingiziwe vumbi.

TUFANYE NINI?

Hatuwezi kusema, "Acheni kazi." Tutakula nini? Lakini twaweza kuufanya mwili udumu.

1. Gawa mzigo. Safari mbili za nusu nusu ni afadhali kuliko moja ya kuvunja shingo. Penye baiskeli au toroli, vitumike kwa maji na kuni pia, wala si kwa mazao ya kuuzwa tu.

2. Unapoinua kitu, kunja magoti, kiweke karibu na kifua, kisha uinuke kwa nguvu za miguu. Usiinue huku umejipinda.

3. Jaribu jembe la mpini mrefu kwa palizi. Badilisha kazi katikati ya asubuhi: lima kidogo, kisha fanya ya kusimama.

4. Jikinge. Viatu kwenye chumvi; kitambaa puani na miwani kwenye salfa, ukiupa upepo mgongo; mafuta au majivu mikononi kwa kubangua korosho.

5. Usimeze vidonge vya maumivu kila siku kwa shauri la muuza duka. Vingine vikitumika muda mrefu hutoboa tumbo na kuharibu figo.

6. Ukipata ganzi miguuni, au mguu ukikosa nguvu, au mkojo ukazuilika au kukutoka bila kujua, au mgongo ukauma pamoja na homa na kukonda, nenda hospitali siku ile ile.

NANI ATAOKOTA KOROSHO?

Sasa tufike penye kidonda. Wahenga walisema, "Mchumia juani hulia kivulini." Wengi wamechuma juani, kivuli ndicho hawajakiona.

Aliyeajiriwa ana mahali pa kudai. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, humhusu mwajiriwa aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Zanzibar nayo ilianza mwaka 2016 kuwapa pensheni wazee wote wa miaka 70 na zaidi. Lakini mkulima wa Nangurukuru au wa Mchinga, aliyejiajiri kwa jembe lake, hana mwajiri wa kumdai. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mtu wa miaka 60 kuwa mzee, na serikali imetamka kwamba wazee wasiojiweza watibiwe bila malipo. Basi vijana, mpelekeni mzee ofisi ya kijiji mkaulize kitambulisho chake, kabla hajaugua.

Pensheni ya mzee wa Lindi ni mikorosho yake. Mti huo huzaa miaka mingi, hata baada ya mpandaji kushindwa kupanda kitanda bila msaada. Ila korosho haijiokoti. Kila mwaka, Oktoba ikifika, lazima mtu ainame chini ya mti, punje kwa punje. Mzee asiye na wa kumwokotea huona korosho zake zikiibwa au zikiliwa na majani. Ndipo hujiingiza katika kangomba: huuza mazao yangali maua, kwa bei ya kutupa, apate fedha ya dawa na ya unga. Hivyo mgongo wake ulioharibika shambani unamnyang'anya shamba lenyewe.

Wana mlioko Dar es Salaam na Mtwara, salamu kwa simu ni nzuri, na fedha ni nzuri. Lakini elewaneni ninyi kwa ninyi: mwaka huu nani atakuja majuma mawili ya kuokota? Kama hapana awezaye, changeni mumlipe kijana wa jirani, na mzee auze mzigo wake katika chama cha msingi kwa jina lake mwenyewe. Na mama je? Nani atachukua ile ndoo ya pili? Kijana wa kiume wa miaka 15 ana shingo kama dada yake. Maji hayaulizi mchotaji ni nani.

Nanyi wazee wetu, msifiche. Kusema "hapa panauma" si kujidai, wala si kuomba huruma. Mkinyamaza, watoto watadhani kazi haina gharama, nao wataitumia migongo yao vivyo hivyo.

Basi jioni ya leo, baada ya chakula, mjukuu asiishie kwenye shikamoo. Amwulize babu na bibi maswali matatu: Panauma wapi? Palianza kuuma kwa kazi gani? Kazi ipi nikuondolee kuanzia kesho? Swali la tatu ndilo kubwa. Jibu lake lianze kutekelezwa asubuhi, kabla ndoo haijaondoka mlangoni.