Dirisha la Dublin na Picha za Simu Zetu



Tarehe 8 Mei 2024, miji miwili iliyotenganishwa na bahari ya Atlantiki, Dublin na New York, ilifunguliana dirisha. Lilikuwa duara kubwa lenye kioo, kazi ya Benediktas Gylys, msanii wa Lituania. Aliyesimama mbele yake huku aliwaona papo hapo wa kule, bila sauti. Watu wasiojuana wakapungiana mikono, wakacheza, wakaonyeshana watoto na mbwa wao. Lilipendwa mno.

Tarehe 14 likazimwa. Huko Dublin wachache walikuwa wameelekeza simu zao kwenye kamera, wakiwaonyesha watu wa New York picha za minara yao ikiwaka moto mwaka 2001. Huko New York nako mwanamke mmoja aliinua nguo, akaonyesha kifua chake. Tarehe 19 liliwashwa tena, kwa saa zilizopunguzwa, na kwa programu inayotia ukungu picha mtu akiikaribia mno kamera. Septemba likaondoka New York, na Oktoba likasimamishwa Philadelphia. Kuhama huko hakutusumbui. Kinachotusumbua ni yale yaliyolifunga mwezi Mei.

Kwa maana sisi wa Butembo na Beni tunaujua mzaha huo. Tangu mauaji ya Beni yaanze Oktoba 2014, ni mara ngapi picha ya maiti ya jirani imetufikia katika simu kabla jamaa yake hawajapata habari? Anayeisambaza hudai kwamba anajulisha watu. Basi, mama wa marehemu anamkuta mwanawe katika simu ya mpita njia, amelala tope, bila kufunikwa hata kwa kitenge. Tofauti na ile minara iliyoonyeshwa Dublin iko wapi? Labda hii tu: wao walimcheka mgeni, nasi twamuumiza wa nyumbani.

Wako wazazi wanaosema vikundi vya simu vya vijana vifungwe kabisa. Hatukubaliani nao. Waliolisimamia dirisha lile hawakulivunja, walilitia mipaka. Nasi twaweza kukubaliana, katika kila kikundi cha parokia, kwamba picha ya maiti haipiti, na aliyeituma ataifuta mwenyewe na kwenda kuomba radhi msibani kwa miguu yake. Tusivifunge. Siku barabara ya Beni inapotisha, ni kwa simu hiyohiyo tunaona nyuso za wazee wetu waliobaki upande wa pili.