Tafakuri si ushirikina: neno juu ya Jiwe la Gangilonga



Ndugu msomaji, wiki chache zilizopita, baada ya swala ya Alasiri, tulipanda Jiwe la Gangilonga hapa mjini Iringa. Hatukwenda kutalii. Tulikuwa na mzozo na ndugu yetu wa tumbo moja juu ya shamba aliloliacha marehemu baba yetu. Mafungu ya mirathi hayakuwa na ubishi, kwani hayo Qur'ani imekwisha kuyapanga. Ubishi ulikuwa juu ya kuuza au kutouza. Siku ya pili yake tulikuwa tumekusudia kwenda mahakamani, na tulitafuta mahali pa kukaa kimya, mbali na waliokuwa wakituchochea na waliokuwa wakitusihi. Mahali pa namna hiyo mjini ni adimu. Nyumbani kuna redio, sokoni kuna makelele, na hata msikitini, Allah atusamehe, simu hulia imamu akiwa katika kisomo.

Tuliporudi tulimweleza mwenzetu mmoja, mtu tunayemheshimu kwa elimu yake. Alitukemea vikali. Alisema kuwa lile ni jiwe la mizimu na kwamba Muislamu hana shughuli pale. Kauli yake haikutoka hewani, na ndiyo maana tumeona tuijibu hapa badala ya kuinyamazia.

Gangilonga kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Inasimuliwa kwamba Mtwa Mkwawa alikuwa na desturi ya kukaa pale peke yake na kuwaza mambo ya utawala wake, na kwamba ni pale alipopata habari ya kuja kwa Wajerumani. Yaliyofuata yamo katika historia: mnamo Agosti 1891 majeshi yake yalilivunja jeshi la Wajerumani pale Lugalo na kamanda wao, Emil von Zelewski, akauawa, mwaka 1894 ngome ya Kalenga ikaanguka, na mwaka 1898 Mkwawa akajiua mwenyewe asitiwe mikononi mwa adui. Wako wanaoamini kwamba jiwe lenyewe ndilo lililosema. Sisi hatuamini hivyo, na anayepanda pale na kuku wa tambiko au kwa maelekezo ya mganga, basi katika hilo tuko pamoja na mwenzetu bila ya kigugumizi.

Lakini kosa la mtu juu ya mahali haligeuzi mahali pale kuwa haramu kwa kila mtu. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alilikabili Jiwe Jeusi lenyewe, lililo katika Al-Kaaba, akatamka wazi kuwa anajua ni jiwe tu, halidhuru wala halinufaishi, na kwamba lau asingalimwona Mtume (S.A.W.) akilibusu naye asingalibusu. Ikiwa hiyo ndiyo itikadi yetu juu ya jiwe lile tukufu, seuze jabali la Iringa? Hatudai kuwa Gangilonga lina fadhila yoyote. Hadithi inayokataza kufunga safari ila kwa misikiti mitatu inamhusu anayekusudia ibada na utukufu wa mahali. Mtu anayepanda kilima cha mjini kwake kutafuta ukimya haingii humo.

Na kutafuta ukimya ni jambo lenye asili. Kabla ya kupewa utume, Mtume wetu alikuwa akijitenga katika pango la Hira, juu ya mlima nje ya Makka, na huko ndiko wahyi wa kwanza ulikomfikia. Katika Sura ya Aali Imran wamesifiwa wenye akili ambao humkumbuka Mola wao wakiwa wima, wakiwa wamekaa na wakiwa wamelala, na huku wakiufikiri uumbaji wa mbingu na ardhi. Tunajiuliza ni wangapi kati yetu wanaotenga hata robo saa kwa kazi hiyo.

Wajapani wanayo bustani mashuhuri mjini Kyoto, katika hekalu la Ryoan-ji. Haina maua wala chemchemi. Ni kokoto nyeupe zilizochanwa kwa reki na mawe 15, yaliyopangwa hivi kwamba popote utakapokaa barazani, moja walau litafichika usilione. Watu hutoka nchi za mbali kwenda kukaa mbele ya mawe yale bila ya kusema neno. Imani yao si yetu, lakini adabu yao inatutia haya. Wao wameyapanga mawe kwa mikono yao na kuyazungushia ukuta. Sisi mawe yetu ameyaweka Muumba, na siku ile juu yake tulikuta chupa tupu, majina ya watu yaliyopakwa rangi, na vijana watatu wenye muziki wa simu. Tungependa Manispaa, pamoja na kamati zetu za misikiti, waweke hapo kibao cha kuomba utulivu na watu wa kufagia. Si gharama ya kutisha.

Tukiri kwamba nusu saa ya kwanza nasi hatukutafakari lolote, bali tuliyakumbuka matusi ya ndugu yetu moja baada ya jingine. Kisha simu yetu ikalia. Alikuwa dalali wa shamba. Tuliizima. Jua lilikuwa linashuka, na mji wote ulikuwa chini yetu, mabati kwa mabati. Tukaitafuta nyumba yetu tusiione, tukaitafuta ya ndugu yetu tusiione pia, kwani kwa umbali ule zote zilikuwa sawa. Asubuhi yake hatukwenda mahakamani, tulikwenda kwake.

Kuhusu kuuza bado hatujaafikiana. Na yule mwenzetu aliyetukemea tumemwomba apande pamoja nasi akaone mwenyewe. Amekubali, kwa sharti kwamba tushuke kabla ya Magharibi.