Kushusha Bei ya Nyumba Kariakoo: Halali Ipi, Dhulma Ipi?

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaotafuta nyumba Kariakoo wanatuuliza: soko likipoa, yafaa kutaja bei iliyo chini ya aliyoitaka mwenye nyumba?

Yafaa. Mtume (s.a.w.) alipatana na Jabir bei ya ngamia, kisha akamlipa na kumrudishia ngamia wake. Na tangu ghorofa liporomoke Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, mnunuzi ana sababu ya kukagua jengo na kushusha bei kwa kasoro ya kweli.

Kuzua kasoro ni haramu. Suratul A'raf, aya ya 85, inakataza kuwapunja watu vitu vyao.

Tuchunge zaidi nyumba ya mirathi. Akiwamo yatima, fungu lake haliuzwi kwa bei ya kutupa, hata warithi wakubwa wakiridhia.

Wallahu a'lam.